Siku Bi Mize Alipokifunga Kisima

Nilipokuwa na miaka minane, kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kumwamkia samaki. Cheka tu, nishazoea. Uani kwetu Mlandege kulikuwa na kisima, na ndani yake aliishi kambare mzee ambaye bibi yangu, Bi Mize, alimwita Mwenyewe. Aliamini ndiye mlinzi wa maji. Kabla ya kutumbukiza ndoo ilibidi niiname, nimrushie kipande cha mkate, niseme "Shikamoo," ndipo nichote. Nikisahau, sikio langu lilikuwa halali ya vidole vya bibi.

Kisima alikichimba babu akakitoa sadaka. Jina lake lilichongwa ukingoni, na bibi alisema kila anayekunywa pale anampelekea marehemu thawabu. Mifereji ya majumbani ilipokauka, mtaa mzima ulipanga ndoo uani kwetu, nami nilipita katikati yao nikijiona binti wa mfalme.

Asubuhi ya harusi ya Salma, binti wa jirani yetu Bi Raya, nilimkuta kambare anaelea tumbo juu. Maji yalikuwa maangavu kama siku zote. Bibi alichungulia, akavuta mfuniko, kisha akaketi juu yake na tasbihi yake.

"Mwenyewe kaondoka," alisema. "Hanywi mtu hapa."

Bi Raya alikuja mbio. "Bi Mize, wageni wote hao nnawapikia nini? Maji meupe haya unatunyima kwa ajili ya samaki?"

"Maji ya mume wangu haya, Raya. Unadhani nnaona raha kuyafunga?"

Akaitwa mchoyo, akaitwa mshirikina, tena mbele ya uso wake. Niliona aibu nikajificha jikoni. Bibi alitutuma mama na mimi Michenzani na madumu kuchota maji, tukaenda na kurudi mpaka masufuria ya Bi Raya yakajaa. Bibi hakuondoka juu ya mfuniko, ila kwa sala, hadi bi harusi alipotolewa.

Mjomba, aliyechoka na maneno ya mtaani, alipeleka chupa ya maji yale yakapimwe. Yalikutwa na risasi, ile madini yenye sumu. Nyuma ya ukuta wetu alikuwa amehamia fundi aliyepasua betri kuukuu za magari, akayeyusha risasi yake kutengeneza chubwi za kuzamishia nyavu, na tindikali akaimwaga shimoni. Fundi alihamishwa, lakini kisima hakikufunguliwa tena. Bi Raya alikuja na sahani ya halua, akalia, na bibi akamkatia kipande kikubwa kuliko changu.

Leo nimesoma, na sidhani kambare alikuwa jini. Alikunywa tulichokunywa, akatangulia kufa, na bibi alijua kumtazama. Ninachojivunia, na nitajivunia mpaka naingia kaburini, ni kwamba alikatiza thawabu za mumewe kwa mikono yake mwenyewe, akatukanwa, ili watoto wa wenziwe wasinywe sumu ambayo hata jina lake hakulijua.

Salma sasa ana watoto wanne. Kila akija kwetu hupitia uani, akagusa mfuniko na kusema, "Shikamoo, Bi Mize." Bibi hayupo tena. Huitikia mimi, kwa sauti, mtaa usikie: "Marahaba."