Nilipiga Simu Kabla Winfrida Hajabisha Hodi

Admin, jina langu liondoe. Na huyu binti ninayemwita Winfrida si jina lake, nimembandika tu. Najua wengi mtanitukana. Nitukaneni, ila someni hadi mwisho.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, mama wa watoto watatu. Nasimamia wahudumu wanaotembelea wazee majumbani, Kariakoo na mitaa ya Msimbazi. Wazee wetu wengi wanakaa ghorofani juu ya maduka, watoto wao wako chini wanauza kutwa. Sisi tunapanda kuangalia kama wamekula, wameoga, kama wana vidonda vya kulalia. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa, na pale kituoni neno langu lilikuwa la mwisho.

Winfrida nilimpokea mimi akiwa mwanafunzi. Alikuwa hajui hata kumgeuza mgonjwa kitandani, nikamshika mkono nikamfundisha. Mwaka jana kituo kikatafuta mtu mmoja wa kupelekwa mafunzo ya uongozi. Sikuwa na wasiwasi, hadi kitenge nilishapeleka kwa fundi. Mkurugenzi akasimama akamtaja Winfrida. Nilipiga makofi na wenzangu huku roho inaniuma, tena inaniuma kweli.

Alirudi na swali moja tu: "Tumejuaje?" Ukisema bibi fulani anaendelea vizuri, "Tumejuaje, dada?" Ukisema familia fulani inajali, "Tumejuaje?" Anauliza kwa upole, kalamu mkononi. Wahudumu niliowalea mwenyewe wakaanza kuuliza hivyo hivyo. Ilifika mahali nikilisikia lile neno natamani kurusha kikombe.

Sasa mimi nina utaratibu wangu: hatuendi nyumbani kwa mtu bila kupiga simu kwanza. Ni heshima. Nani anapenda kukurupushwa na wageni nyumba haijafagiliwa? Winfrida akasema kikaoni, "Dada, labda tunachokiona ni siku ya ugeni tu. Tujaribu, tuone." Akapendekeza kwa miezi miwili nusu ya familia tuzipigie kama kawaida, nusu twende bila taarifa, halafu tulinganishe tulichokuta. Familia zote ziliombwa ruhusa, zikakubali. Mkurugenzi akawa anamwangalia kama mzazi anavyomwangalia mwanawe siku ya mahafali. Mimi, miaka yote hiyo, hajawahi kuniangalia hivyo.

Nikasema moyoni, huyu mtoto hanipiti.

Ratiba ilikuwa mikononi mwangu. Kila asubuhi ambayo wahudumu walipangiwa kwenda bila taarifa, nilijifungia stoo nikapiga simu. "Mama, wageni wanakuja leo saa nne. Usiseme nimekwambia." Watu walinishukuru kweli kweli.

Miezi miwili ikaisha, matokeo yakabandikwa ukutani. Hakuna tofauti. Wazee wasafi huku, wazee wasafi kule. Nilijua Winfrida atajitetea, lakini wapi. Alisimama akasema, "Mimi nilidhani vingine. Dada alikuwa sahihi, tuendelee kupiga simu." Jamani, nilisikia raha sijaisikia tangu siku ya harusi yangu. Siku ile nilipika kuku mzima. Mkurugenzi naye akaamua mimi ndiye niende kuwafundisha viongozi wa vituo vingine vya wazee utaratibu wangu, kwa sababu sasa una ushahidi.

Wiki mbili zilizopita, Jumamosi mchana, nilienda kununua beseni kwenye duka la jumla la vyombo vya plastiki. Mwenye duka ni mtu wa Kilimanjaro. Mama yake amepooza upande mmoja, yuko ghorofa ya tatu, na ni mmoja wa wazee wetu. Familia ile nayo niliipigia simu za siri. Nilimkuta mke wa mwenye duka anafunga mizigo, wateja wamemzonga, nikamwambia ngoja nipande nimsalimie mama.

Harufu niliikuta mlangoni. Shuka limelowa, uji wa asubuhi haujaguswa, mgongoni kidonda kibichi. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, huku anajaribu kulifunika lile shuka kwa mkono wake mmoja unaofanya kazi. Akaniuliza, "Mbona leo siyo siku yenu?" Kisha akaniomba radhi. Yeye, akaniomba radhi mimi!

Nilimwogesha, nikabadilisha shuka, nikamwita muuguzi wetu na kumdanganya kwamba familia ndiyo iliyoniita, asijue nimepanda bila taarifa. Yule mkwe si mtu mbaya, amechoka tu, hana wa kumsaidia. Alilia akaniambia, "Dada, ungenipigia, ningemwandaa."

Tangu siku hiyo silali vizuri. Wiki ijayo naanza kufundisha. Wanaonisubiri ni viongozi wa vituo vinane, kila mmoja na wazee wake. Na anayeniandalia maelezo ya kusoma mbele yao ni Winfrida, anakaa hadi jioni kunisaidia, anasema anajifunza kwangu. Nikisema ukweli, kazi sina. Lakini niwe mkweli, si kazi ndiyo inayonifunga mdomo. Kinachoniuma ni kwamba nikisema, yeye ndiye atakayekuwa sahihi, na watampigia makofi tena, na hata kusamehe atanisamehe. Huo msamaha wake siutaki.

Leo asubuhi yule mkwe kanitumia ujumbe: "Dada, safari hii mnakuja lini? Nijue siku ya kumwogesha mama."

Sijamjibu. Nikimwambia Alhamisi, mama ataogeshwa Alhamisi. Wenzangu, nisaidieni mawazo. Huyu nimjibu nini, na Winfrida nimwambieje?