Waya wa Nikahi ya Khadija

Jamani, haya ninayo mpaka leo, na nikipita msikitini hapa Mambrui naharakisha, maana najua wale wanaume bado wanakikumbuka kichwa changu.

Mjukuu wangu Khadija alikuwa anaozwa, na mamake, Zuhura, mwanangu wa pekee wa kike, yuko Maskati kazini, tajiri wake kamnyima ruhusa. Akanipigia simu analia, "Mama, angalau nimuone babake akimuoza." Nikamwambia utaona, mie nipo. (Shule mlango wake siujui, nimeahidi mambo ya kompyuta!)

Nikahi ilikuwa chini ya turubai, kwa jirani yetu Mzee Famau, wanaume watupu, sisi wanawake tuko kwangu uani. Simu sikuitaka, kwa sababu harusi ya Rukia wa jirani alishikishwa shemeji yangu Athumani, akatuonyesha visigino vya watu mwanzo mwisho. Mwanajuma, binti wa marehemu mdogo wangu, karani huko Malindi, akaleta kompyuta (jicho la kompyuta yenyewe lilishakufa) na kamera ya waya, akasema kamera ikae kwa sheikh na kompyuta tuiweke mlango wa mbele, karibu na turubai. Nikakataa. Wanawake wamejipamba, wataangaliaje karibu na wanaume? Nikaenda kwa Swaleh dukani nikachukua waya mrefu wa kuungia.

"Boksi limeandikwa meta ishirini, picha safi, haikatiki," Swaleh akasema. "Bi Mishi, hata ungekuwa Gongoni ingekufikia."

Mwanajuma alipouona akaguna. "Mamkubwa, waya wa namna hii ukipita meta tano picha huchoka njiani."

"Walioandika boksi hawajui, ila wewe?"

Basi baada ya Alasiri, sheikh ameshakaa, tunaona kilemba chake, mara kilemba kikaganda, mara giza, na sauti ya Zuhura inatoka humo, "Mama, sioni! Mama, wameanza?" Mwanajuma akasema waya huu hauna dawa, kompyuta iende kule kule kwenye kamera. Nani aipeleke? Wote dhahabu na vichwa wazi. Nikasema mie kizee, nani ataniangalia, nikajitupia kanga, nikaibeba, na nimesahau kabisa kwamba nina hina kichwani, nimeifunga kwa mfuko wa mkate (nilipanga kuiosha baada ya nikahi).

Nafika chini ya turubai, ule waya mrefu bado umelala chini, ukanishika mguu. Sikuanguka, lakini kanga ilianguka. Mikono yote imeshika kompyuta. Omari mkwe wangu, babake Khadija, kainamisha macho, maskini, akachomeka waya wa kamera bila kuniangalia.

Athumani akasema kutoka nyuma, "Shemeji, mkate huo wa leo au wa jana?"

Turubai zima likacheka.

"Namuona babake Khadija!" Zuhura akapiga ukelele. "Mama, wanacheka nini?"

"Furaha, mwanangu."

Sheikh naye alikuwa anajizuia, akaniambia, "Kaa hapo hapo, mama, tuendelee." Nikakaa kwenye busati katikati ya wanaume, kompyuta mapajani, na kila nikijaribu kuifikia kanga picha inakatika na Zuhura analia, "Mama, usitingishike!" Basi nikakiacha kichwa. Hina ikanitiririka mpaka puani nikaiacha vile vile, Omari akasema nimekuozesha, bwana harusi akasema nimekubali, na kule Maskati Zuhura akapiga vigelegele peke yake, analia na kupiga, analia na kupiga, mpaka wanaume wakanyamaza kumsikiliza.

Mie maneno ya boksi siyaamini tena, hata boksi la viberiti. Na harusi nyingine ikija Zuhura bado yuko mbali, nitakwenda kukaa na wanaume tangu mwanzo, nimejitanda vizuri, kompyuta mapajani, anayetaka kusema na aseme.