Kikombe changu kisicho na sukari

Leo asubuhi kompyuta imenitetea katika familia yangu.

Mjukuu wangu Neema alikuwa na zoezi la kuwasilisha chuoni saa nane. Aliandika safu mbili za namba kwenye programu ya kompyuta: vikombe vya chai anavyokunywa kila mmoja wetu hapa nyumbani Gihundwe, na vijiko vya sukari kwa kila kikombe. Kuzidisha tu, basi.

"Babu, masini inakatala! Nitasema nini mbele ya batu?"

Nikapanga vikombe mezani. (Mnanijua, sikosi nafasi ya kufundisha.) Nikamweleza: programu inazidisha namba ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili. Namba ikikosa mwenzake, inagoma.

Tukatazama. Vikombe vya watu watano, sukari ya watu wanne.

"Nani hayupo?"

Akacheka kwa aibu. "Ni weye, Babu. Dokteri alikukataza sukari, nikaona hakuna cha kuandika."

"Andika sifuri, mama. Sifuri nayo ina kiti chake."

Programu ikakubali. Neema amepanda pikipiki kwenda chuoni akitabasamu.

Kwenu nani anakunywa chai bila sukari? Mhesabuni naye.