Moja Saba na Zamu ya Uani

Namba 1,111,111 inagawanyika kwa 239 bila kubakiza kitu. Nyumbani kwetu Kariakoo, aliyeligundua hilo ni bibi yangu, mwanafunzi wa kisomo cha watu wazima, akiwa na kipande cha mkaa mkononi.

Mwezi uliopita nilipita mtaa ule. Nyumba yetu ya vyumba sita imevunjwa, pamesimama ghorofa la maduka ya vitambaa. Nikawa natafuta kwa macho uani palikuwa wapi, na alasiri ile ikanirudia yote: samaki wa Feri wakikaangwa, cherehani ya jirani ikilia, na mimi na hofu yangu.

Nilikuwa darasa la saba, miaka ya Ujamaa. Mwalimu wa hesabu alitutaka kila mmoja alete namba tasa kubwa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kwa kuwa tulikuwa la saba, nikaandika moja saba mfululizo: 1,111,111. Nilikuwa nimejaribu tasa zote hadi mia, zikashindwa.

“Una hakika?”

“Ndiyo, Mwalimu.”

Akaamua niitetee kesho yake mbele ya shule nzima; atakayekosea angetoka kwenye kundi la hesabu. Njiani kurudi ndipo nilipokumbuka alichotufundisha: hujamaliza mpaka ufikie namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inaipita yako. Kwa hiyo nilipaswa kufika elfu moja na hamsini na kitu!

Bibi alinikuta nalia. “Mke mwenzangu, nani kafa?”

Nikamweleza. Kwetu kila kazi ilikwenda kwa zamu: kufagia, kuchota maji, foleni ya sukari. Bibi akatangaza zamu ya kugawa. Kila chumba kikachukua mia yake ya namba za kujaribu, na zitakazobaki zingesubiri mzunguko wa pili.

“Mimi zamu yangu leo ni ufagio,” jirani fundi cherehani alilalamika. “Hesabu nilimwachia mwalimu wangu, nikaja mjini.”

“Gawa, bwana. Kelele hazigawanyiki.”

Bibi alishika zile za kuanzia mia mbili. Alichora kwenye saruji polepole, ulimi nje kidogo, kama walivyomfundisha kisomoni. Alipofika 239, akatoa 2,151 kwenye 2,151. Sifuri.

“Njoo uone. Jibu elfu nne mia sita arobaini na tisa. Nimekosea wapi?”

Hakuwa amekosea. Nilimkumbatia, mkaa ukanichafua sare yote.

Asubuhi, kabla ya mstari, nilimfuata Mwalimu. “Shikamoo, Mwalimu. Namba yangu si tasa.” Nikamwonyesha.

“Marahaba. Nilikuwa nasubiri uje kabla hujasimama,” alisema, na kundini nikabaki. Miguu yangu ikawa myepesi hadi darasani.

Kisha akanipa swali la kwenda nalo. Kumi na moja, moja mbili tu, ni tasa. Wanahesabu wamepata nyingine, ya moja kumi na tisa, na nyingine ndefu zaidi. Je, zina mwisho?

Nimeshastaafu sasa. Bado hakuna aliyethibitisha.