Ugonjwa wa Kwenda Pangani

Nimesimamia mitihani, nimesimamia ujenzi wa vyoo vya shule, nimesimamia harusi ya wifi yangu ambayo bwana harusi alifika jioni wageni wameshaanza kudai wali. Lakini sijawahi kuchoka kama mwaka ule nilipoamua kupumzika.

Nilichotaka hakikuwa kikubwa. Likizo ya Juni, watoto wakiwa kwa dada yangu Mwanza, mimi na mume wangu tupande basi mpaka Pangani, tukae ufukweni siku chache bila kufanya lolote. Nasema mimi na mume wangu, wawili. Tangu tuoane, nyumba yetu ya hapa Shinyanga mjini haijakosa mgeni: anayesoma, anayetibiwa, anayetafuta kazi, anayepita tu na kupita kwake kunachukua miezi. Mume wangu ni fundi wa makarasha, zile mashine za kusagia mawe ya dhahabu, na wiki nzima anashinda machimboni Mwakitolyo. Akirudi Jumamosi anakuta sebule imejaa watu wa kumsalimia, mimi niko jikoni nawapikia hao hao. Nilikuwa nimeanza kumsahau mume wangu akiwa hai, na jambo hilo lilikuwa linaniuma kuliko nilivyokuwa tayari kulisema.

Nikaanza na simu. Dada wa mapokezi kwenye nyumba ya wageni kule Pangani alikuwa na sauti ya upole, akaniuliza tunakuja na semina ya nani.

"Hatuna semina," nikasema. "Tunatoka Shinyanga, tunakuja kukaa."

"Shinyanga! Poleni. Ni msiba?"

"Si msiba, mdogo wangu. Tunakuja kupumzika."

Akasema ngoja amuulize bosi. Sijui alimuuliza nini, ila chumba nilipata.

Mume wangu naye alihitaji kueleweshwa kama mwanafunzi wa kidato cha kwanza. Tukifika tunafanya nini? Tunakaa. Halafu? Tunaogelea. Yeye hajui kuogelea. Basi tunakula samaki. Samaki! Mwaka uliopita si tulikuwa Chato kwenye mazishi ya baba yake mkubwa, samaki tukala, maji tukayaona mpaka mwisho wa macho? Nikamwambia Chato nilishinda naparua samaki nyuma ya turubai na sufuria ziko mbele yangu, maji nimeyaona ya kuoshea vyombo. Akasema sawa. Baada ya siku mbili akaja na wazo kwamba, kwa kuwa njia ni ya Dar, tubebe na mota ya karasha moja iliyoungua, tuiache kwa mafundi wa kule. Nilimtazama mpaka akainamisha kichwa. Tukakubaliana: hakuna mota, hakuna ndugu wa kusindikizwa, hakuna mzigo wa mtu. Akasema sawa tena. Mume wangu akisema sawa mara mbili, ujue kuna kitu.

Wiki ya mwisho ya muhula, mkuu wa shule akaniondoa kwenye zamu. Sikuomba. Akaniambia nijitunze. Nikafikiri ni ungwana, nikashukuru.

Jumamosi asubuhi nilikuwa uani napepeta mchele huku redio inaimba, nikaona akina mama wa jumuiya ya kanisa wanaingia, wamejifunga kanga, wamebeba unga wa uji, wanatembea kama watu wanaoingia kwenye nyumba yenye mtoto aliyelala. Wakakaa. Mmoja akainuka akazima redio.

"Pole, mwalimu," akasema.

"Pole ya nini?"

Wakatazamana. Mkubwa wao akanishika goti. "Usijikaze, mwalimu. Tumesikia mnapelekana Dar. Mungu atasaidia."

Wakasali sala ndefu. Mimi niliyekuwa buheri wa afya, niliyekuwa nimekula viporo vya ndizi na nyama kabla jua halijachomoza, nikaombewa mpaka nikaanza kujipapasa tumbo. Walipoondoka, hasira zilikuwa zimenijaa mpaka mchele nikaupepeta nje ya ungo.

Mume wangu alifika mchana, vumbi la mawe limemkaa hadi kwenye nyusi. Sikumpa hata maji ya kunawa.

"Nasikia naumwa," nikamwambia.

Akavua kiatu kimoja polepole. "Kidogo tu."

"Naumwa nini?"

"Sikutaja. Nilisema mambo ya wanawake, ya kupelekwa hospitali Dar."

"Ulimwambia nani?"

"Mama." Akavua cha pili. "Sasa ulitaka nimwambie nini? Juni hii watu wako shambani, mpunga haujaingia ndani, mimi niwaachie karasha vijana niende kulala mchangani na mke wangu? Angesema umenilisha limbwata."

Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa kwa sababu nina wanafunzi wanaojua kusoma. Kilichonikera si uongo wenyewe. Ni kwamba mtu mzima, mwenye ndevu, anayeingiza mkono kwenye mashine inayosaga mawe, alikuwa anaona aibu kusema anataka kukaa na mimi. Ugonjwa wangu hakuuonea aibu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemtia aibu.

Siku mbili kabla ya safari mama mkwe akashuka kwenye hiace kutoka Maganzo, na begi, na mto wake wa kulalia, na kuku wawili wamefungwa miguu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniangalia kuanzia miguuni.

"Umekonda, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma. Sijakonda. "Nimekuja twende wote. Mgonjwa hasafiri na mwanamume, hajui hata kukanda mtu."

Mume wangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akakumbuka ghafla kwamba kuna spana ameiacha kwa jirani. Akatoka. Sikumwona mpaka giza lilipoingia.

Nikabaki na mama, kuku, na ule mto. Nilijiona nimekaa Pangani katikati ya chumba, mama mkwe upande mmoja ananikanda kiuno kisicho na kosa, mume wangu upande wa pili anatafuta duka la spana. Nilijisikia kulia. Nikakaa chini kwenye mkeka nikamwambia yote, kwamba siumwi, hakuna hospitali, tunakwenda kukaa tu.

Alikuwa anafungua kamba ya kuku. Akaacha.

"Huumwi?"

"Siumwi, mama."

"Na hakuna mtu amekufa huko?"

"Hakuna."

"Mnakwenda kukaa. Ninyi wawili."

"Wawili, mama."

Kuku mmoja akapiga mabawa. Nikangoja nisikie neno limbwata. Badala yake akasema, "Mimi na baba yake hatukuwahi kukaa. Tulikuwa tunakwenda. Yeye mbele, mimi nyuma na mzigo. Mpaka nimemzika, sijui alikuwa anapenda kuongea nini."

Halafu akamalizia kuifungua kamba kana kwamba hakusema kitu.

"Nendeni," akasema. "Mimi nitakaa na nyumba. Lakini usiwaambie watu hawa habari za kukaa, mwanangu atachekwa mpaka Maganzo. Utaumwa mpaka basi liondoke. Umenisikia, mayu?"

Nikaitikia. Nilikuwa nimeshachoka kubishana na ukoo mzima.

Asubuhi ya safari nikaumwa. Akina mama wa jumuiya walikuja stendi na maji ya kunywa na ndizi za njiani. Nikatembea polepole, kanga kichwani, najiuliza mpuuzi gani amenizidi. Mume wangu alitangulia na begi, hatua kumi mbele, kama kawaida yake na kama kawaida ya baba yake. Mama mkwe akapaza sauti stendi nzima ikageuka.

"Wewe! Huoni mwenzako anaumwa? Mshike!"

Akarudi. Akahamisha begi mkono wa pili, akanishika mkono, vidole kwa vidole, mbele ya mama yake, mbele ya wapiga debe na jumuiya nzima. Tuna watoto watatu na mtu huyu, na hakuwahi kunishika mkono mahali penye watu, hata siku ya harusi. Kiganja chake ni kigumu kama gome. Machozi yakanitoka kweli, na nikasikia mama mmoja nyuma anasema, maskini, mwalimu amezidiwa.

Akanipandisha basi, akanikalisha dirishani, hakuniachia. Basi likatoka stendi, likapita maduka ya mwisho, tukashika barabara ya Tinde. Hapo ndipo akauachia mkono wangu, akajifuta kiganja kwenye suruali, akatazama mbele.

"Bado naumwa," nikamwambia.

Akageuka kwanza, akakagua viti vyote vya nyuma kama kuna mtu wa kwao. Halafu akanishika tena.