Kidole cha Jeruto

Mimi, Kihara, niko kwenye mizani ya mahindi ya chama chetu cha wakulima hapa Rongai mwaka wa kumi na sita sasa, na nitasema bila kuficha: sisi ndio tuliomharibia Jeruto masomo, na wa kwanza kumharibia nilikuwa mimi.

Jeruto ndiye mtu wetu wa kompyuta. Anaishi Kiamunyi, na kila Jumamosi kwa miaka mitano alikuwa akienda chuo mjini Nakuru kusomea shahada ya uzamili ya mifumo ya habari. Kozi yenyewe ni ya miaka miwili. Katikati alijifungua, akaandika kazi yake, akaambiwa aandike upya. Mwaka huu chuo kikachoka: asipomaliza kufikia mwisho wa Novemba, jina lake linafutwa.

Alichokuwa akiandika kilituhusu sisi. Alitutengenezea mfumo wa kupokea mahindi kwa alama ya kidole. Mkulima anafika, anabonyeza kidole kwenye kamashine kadogo, jina lake linatokea, napima magunia, kwisha. Kitabu changu chenye madoa ya chai kikapelekwa stoo. Nilinuna wiki nzima, lakini kazi ilikuwa safi, siwezi kudanganya. Sheria ya chama ni nambari moja, mtu mmoja, na mashine yake iliishika sheria hiyo kuliko sisi tulivyowahi kuishika.

Shida ilikuwa marehemu. Wazee wetu walinunua mashamba ya wazungu kwa pamoja, wakajiunga na chama, kisha wakafa mmoja mmoja, na mashamba mengi hayajagawanywa hadi leo. Familia nzima huleta mahindi kwa nambari ya baba aliye kaburini. Kwenye kitabu changu hilo halikuwa neno. Naandika jina la mzee, tunasonga. Kompyuta ilitaka kidole cha mzee.

Siku ya kwanza ya mavuno, trekta la akina Njuguna lilisimama mlangoni, ndugu sita juu yake na hakuna hata mmoja mwenye nambari. Wingu lilikuwa limefunga. Nikapiga kelele kuelekea ofisini: "Jeruto, kuja uweke chako tusonge! Utarekebisha baadaye."

Akaja, akaingiza nambari ya mzee wao, akaweka kidole chake. Yeye alikuwa na huruma, mimi nilikuwa na haraka. Kesho yake zikaja familia tisa. Kufikia wiki ya pili hakuweza kunywa chai bila kuitwa. Likizo yake ilifutwa. Mtoto akiugua, mumewe ndiye anayekwenda hospitali. Meneja naye akawa anamchekea: "Wewe hauendi mahali, madam. Ukienda, hii mahindi yote itapokelewa na nani?" Alidhani anamsifu.

Oktoba akaipeleka kazi yake mbele ya walimu. Alinisimulia mwenyewe. Msimamizi wake, Daktari Ogola, alipitia orodha ya vidole vilivyopokelea mahindi, akavua miwani.

"Jeruto, kuna kidole kimoja hapa kimeleta karibu nusu ya mahindi yote. Huyu ni nani?"

"Ni mimi, daktari."

"Una shamba kubwa hivyo?"

"Sina hata ka-shamba ka sukuma."

Hakuna aliyecheka. Walimwambia mfumo unaoendeshwa na kidole cha mtu mmoja haujathibitisha kitu. Aondoe kidole chake, kila familia iandikishe mtu wake aliye hai, kisha alete orodha mpya ya wiki moja kabla Novemba haijaisha. Hawakumwonea. Hilo ndilo lililomkera zaidi.

Tukaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, mimi nikimsindikiza kwa sababu dhamiri ilikuwa inanisumbua. Jibu lilikuwa lile lile kila mahali. Kumwandika mtu mmoja kwenye nambari ya baba ni kusema huyu ndiye mwenye shamba, na nani atasema hivyo mbele ya ndugu zake? Njuguna alitukaribisha chai, kisha akakataa kwa adabu. "Dada, wewe hutaki shamba yetu," alisema. "Kidole yako haiwezi leta vita hapa."

Nyumbani kwao Jeruto ndiko alikoumia. Baba yake, marehemu Kemboi, naye aliacha nambari. Jeruto aliwaomba kaka zake, Weldon na Kipkorir, wakubali mama yao aandikwe. Weldon akasema mama atampendelea Kipkorir. Kipkorir akasema mama atampendelea Weldon. Mama alikuwa amekaa hapo hapo, akikoroga maziwa ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Ikabaki wiki moja ya Novemba, hiyo hiyo ya kutoa orodha mpya. Jumatatu asubuhi Jeruto alifuta kidole chake kwenye mfumo.

"Nimejitoa, Kihara. Leo usiniite."

"Siiti mtu," nikaapa, na nilimaanisha.

Wa kwanza kufika alikuwa mama yake, na magunia kumi na mawili kwenye mkokoteni wa punda. Mashine ikamkataa. Hakulalamika, alijitandia leso kichwani akakaa juu ya magunia, kwa sababu matone yalikuwa yameanza. Nyuma yake foleni ilikuwa inarefuka. Nilifunga mdomo hadi taya zikaniuma. Nilimwona Jeruto dirishani, amesimama, anamtazama mama yake akilowa.

Alirudi kwenye kompyuta, akajirudisha. Kisha akatoka na kubonyeza kidole, na jina la baba yake likatokea.

Mama akamshika mkono, amefurahi. "Asante, Jeruto. Na ile masomo yako, utamaliza lini?"

"Karibuni, mama."

Nilishikwa na hasira, na sikujua nimkasirikie nani. Mtu wa pili kwenye foleni alikuwa tayari ameshusha gunia.

"Dada," akaita, "na sisi."