Bilan na Mahari ya Milioni Hamsini

Pale Hargeisa, nyuma ya soko la dhahabu, wabadilishaji fedha hukaa barazani na noti zimepangwa mbele yao kama matofali. Ikifika saa ya swala hutupia shuka juu wakaenda zao, na hakuna mkono unaogusa. Miongoni mwao yupo Bilan binti Jibriil, mjane wa miaka hamsini na kitu. Shule aliiacha darasa la tatu, lakini ukimtajia bei ya dola ya jana na ya leo, hujamaliza kukohoa ameshakwambia nani kapanda, nani kashuka, na kwa kiasi gani.

Mwaka ule mpwa wake Liban aliposa kwa Mzee Hirsi. Dola ilikuwa shilingi elfu nane, wakakubaliana mahari ya milioni arobaini. Hirsi, mwenye kupenda noti za kwao, alikataa dola, ila akaweka sharti: thamani isipungue mpaka siku ya kulipa. Wazee wakapeana mikono. Siku ya kulipa ikafika, na dola imefika elfu kumi.

Rooble, kaka yake Bilan na msemaji wa upande wa bwana harusi, aliingia kikaoni na toroli limejaa marobota.

"Shilingi imeshuka asilimia ishirini," akasema. "Nimeongeza asilimia ishirini. Milioni arobaini na nane, hizo hapo."

Hirsi akakuna ndevu. "Mbona naona kama nimepunjwa?"

"Mzee, hisia si hesabu!"

Sauti zikapanda. Ndugu mmoja wa Hirsi akasema heri binti abaki nyumbani. Hapo Liban, aliyekaa karibu na mlango, akapauka. Mzee wa kati, msuluhishi wa pande zote mbili, akaagiza Bilan aitwe, ingawa baraza lile halikuzoea mwanamke.

Alipoingia, Rooble alimnong'oneza, "Dada, kumbuka wewe ni wa nani."

Bilan alikumbuka sana. Hesabu alishaipiga kichwani: milioni mbili zilizopungua zingetoka kwenye mfuko wa ukoo wake mwenyewe, na ukoo haukuwa na ngamia wa kumwaga. Lakini alimwona pia Liban.

Akasogeza sinia la chai, akapanga glasi tano. "Hii ndiyo thamani ya siku ya posa." Akaondoa moja. "Shilingi imepoteza moja katika tano. Asilimia ishirini. Kaka yangu hajasema uongo."

"Mnasikia?" Rooble akadakia.

"Ngoja, kaka, usimeze kabla ya kutafuna. Zimebaki nne. Kuzirudisha tano naongeza ngapi?"

"Moja," akasema Hirsi.

"Moja juu ya nne ni robo. Asilimia ishirini na tano, sawasawa na dola ilivyopanda, maana elfu mbili imeongezeka juu ya elfu nane. Kinachoshuka unakipima kwa pale kilipoanzia. Kukipandisha unapima kwa pale kilipoangukia. Siku ya posa milioni arobaini zilinunua dola elfu tano. Hizi arobaini na nane zinanunua elfu nne na mia nane. Mahari ni milioni hamsini."

Kisha Hirsi akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Binti Jibriil, ungekuwa wa kwetu tungekuweka msemaji!"

"Mchukueni, tumewapa bure," Rooble akafoka. Hata hivyo alituma watu wakaleta marobota mawili zaidi, na fatiha ikasomwa kabla ya adhuhuri. Liban alimbusu shangazi yake kichwani.

Nje, Rooble alitembea hatua tatu mbele ya dada yake.

"Kuanzia leo dola zangu nitabadilisha kwingine!"

"Kwa nani?" Bilan akauliza kwa upole.

Rooble akasimama, akawapitisha kichwani wabadilishaji wote wa soko lile, mmoja mmoja.

"Kwako," akasema mwishowe. "Lakini sikusalimii mpaka Idi."